Zebaki Migodini: Hatari Iko Katika Mvuke Usioonekana

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya na maeneo mengine nchini, zebaki ni kitendea kazi cha kila siku. Humwagwa kwenye mchanga uliosagwa, ikashikamana na chembe za dhahabu, kisha donge linalopatikana huchomwa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Kwa kuwa wengi wameishika kwa mikono kwa miaka bila kuugua papo hapo, imejengeka dhana kwamba madhara yake ni madogo. Toksikolojia, yaani taaluma inayochunguza sumu na athari zake kwa viumbe, inaonesha kuwa dhana hiyo ni potofu, na inabainisha mahali hasa ilipo hatari.

Kanuni ya kwanza ya taaluma hiyo, inayohusishwa na tabibu Paracelsus wa karne ya 16, ni kwamba kiasi ndicho kinachotenganisha sumu na kisicho sumu. Chumvi ya mezani ni hitaji la mwili, lakini ikizidi sana huua. Dawa inayoponya kwa kidonge kimoja hudhuru kwa vidonge ishirini. Kwa zebaki, kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kuwa wastani wa mvuke wa zebaki hewani kwa mwaka usizidi mikrogramu 1 katika mita moja ya ujazo. Gramu moja ina mikrogramu 1,000,000, ilhali chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita tatu kina mita za ujazo 27 tu.

Kanuni ya pili inahusu njia ambayo sumu huingilia mwilini. Zebaki ya maji ikimezwa kwa bahati mbaya, karibu yote hupita tumboni na kutoka bila kufyonzwa. Lakini ikivutwa kama mvuke, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu na kufika hadi kwenye ubongo na figo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na zebaki huutoa hata bila kuchomwa, ikiwa wazi katika joto la kawaida. Kwa hiyo anayechoma donge jikoni, au anayehifadhi zebaki chumbani katika chombo kisichofunikwa, huivutisha familia nzima sumu hiyo, wakiwamo wasiowahi kukanyaga mgodini.

Kanuni ya tatu ni muda. Sumu nyingine hudhuru kwa saa chache, nyingine hujilimbikiza polepole. Anayevuta mvuke wa zebaki kidogo kidogo kwa miezi au miaka huanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kuwa na hasira za ghafla na kusahau. Dalili hizi huweza kudhaniwa kuwa ni uchovu, uzee au ulevi, na hivyo mgonjwa akachelewa kutibiwa.

Kanuni ya nne ni kwamba miili haifanani. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wake, na ubongo wake bado unakua. Mimba nayo haina kinga, kwani zebaki huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Athari haziishii mialoni. Zebaki inayofika mitoni na ziwani hubadilishwa na bakteria wa kwenye matope kuwa methilizebaki, ambayo tumbo huifyonza karibu yote. Viumbe wadogo huimeza, samaki wadogo huwala viumbe hao, na samaki wakubwa huwala wadogo. Kila hatua huongeza mkusanyiko wake. Ndiyo maana samaki mla samaki, kama sangara, kwa kawaida huwa na kiwango kikubwa kuliko dagaa wa maji yaleyale. Maana yake si kuacha kula samaki, ambao ni lishe bora, bali kuzuia zebaki isifike majini.

Dunia ilijifunza hayo kwa gharama kubwa katika mji wa Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa uliosababishwa na majitaka ya kiwanda yenye zebaki. Jina la mji huo ndilo linalobebwa na Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti, 2017, na ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kwa uchimbaji mdogo, mkataba unalenga kukomesha kumwaga zebaki kwenye mbale yote, kuchoma donge mahali pa wazi au kwenye makazi, na kuchenjua kwa sianidi marudio yenye zebaki kabla haijaondolewa.

Kinga inafuata kanuni zilezile. Kupunguza kiasi ni kutumia mbinu zisizohitaji zebaki, au kuchenjua kwanza kwa maji ili zebaki itumike kwenye mchanga mchache tu. Kuziba njia ni kuchoma donge ndani ya ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa sehemu kubwa ya mvuke, mbali na makazi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke, na kunywa maziwa hakuuondoi mwilini. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za familia, na wajawazito na watoto wasikaribie eneo la kuchomea.

Mwananchi aliyevuta mvuke huo anapaswa kwenda penye hewa safi, kisha afike kituo cha afya na kumweleza mtaalamu kuwa hutumia zebaki, hata kama dalili zake ni ndogo. Bila maelezo hayo, mkono unaotetemeka unaweza kutibiwa kwa ugonjwa usiokuwapo.