Mgongo wa frigo: moto unaenda wapi?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu wa nyumbani, mwezi wa Oktoba tunaujua wote hapa Katanga. Mvua haijashika vizuri, bati la nyumba linachoma, na usiku usingizi hauji. Mwezi huo mfanyakazi mmoja wa karakana alinijia dispanseri kwa ajili ya kidonda cha mguu. Nilipokuwa ninamfunga bendeji akaniambia amepata akili: jioni anafunga madirisha yote ya chumba, anafungua mlango wa frigo, na kulala mbele yake. Mara ya kwanza alisikia baridi miguuni. Usiku wa manane akaamka akitoka jasho kuliko siku zote, na frigo ikiguruma kama lori kwenye mlima. Bibi yake akamkasirikia kwa sababu samaki wote walikuwa wameharibika. Akaniuliza: «Dokta, frigo inaleta baridi. Sasa joto lile lilitoka wapi?»

(Mimi si dokta, ni msaidizi wa muganga. Lakini kambini mtu yeyote mwenye koti jeupe ni dokta, nimekwisha kuchoka kuwarudi.)

Swali lake ni zuri, kwa sababu watu wengi wanafikiri kwamba frigo inatengeneza baridi kama vile mbabula inavyotengeneza moto. Si hivyo. Hakuna mashini hata moja duniani inayotengeneza baridi. Baridi ni moto ulioondolewa, basi. Frigo inaushika moto uliomo ndani ya nyama, ndani ya chupa na ndani ya maji, inaubeba mpaka mgongoni kwake na kuutupa huko nyuma, kwenye zile nyaya nyeusi zinazounguza ukizigusa. Ndiyo maana mgongo wa frigo una moto na tumbo lake lina baridi.

Moto wenyewe kwa tabia yake unatoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji yanavyoshuka bondeni. Bukari moto ukiiacha mezani inapoa. Hujaona bukari iliyopoa ikijipasha yenyewe. Kuupandisha moto kutoka penye baridi kwenda penye moto ni sawa na kupandisha maji juu ya mlima: lazima pampu, na pampu lazima ilipwe. Malipo yake ni kura, yaani umeme.

Tuseme frigo ya nyumbani imekula sehemu 100 za kura, na kwa nguvu hizo imetoa ndani sehemu 200 za moto. Mgongoni zitatoka ngapi? Zitatoka 300: zile 200 zilizotoka ndani, na zile 100 za kura ambazo nazo zimegeuka moto. Hakuna hata moja inayopotea. Basi mwenzetu alipoacha mlango wazi, frigo ilikuwa inanyang'anya chumba moto 200 kwa mbele na kukirudishia 300 kwa nyuma. Kila saa chumba kilipata faida ya 100. Hata angelinunua frigo kubwa mara mbili, angelipata joto zaidi.

Kuna sheria nyingine hapa, na sheria hii ilinigharimu mimi mwenyewe. Kadiri mlima ulivyo mrefu, ndivyo pampu inavyochoka. Ikiwa ndani ya frigo ni digri 5 na mgongo una digri 45, mlima ni wa digri 40. Mgongo ukifika 55 kwa sababu hauna hewa, mlima ni wa digri 50, na kwa kura ile ile frigo itabeba moto pungufu. Hata mashini iliyo kamili kabisa, ambayo hakuna fundi atakayeitengeneza, ingebeba karibu sehemu 7 kwa sehemu moja ya kura katika hali ya kwanza, na 5 na nusu katika hali ya pili. Frigo zetu za kweli zinabeba 1 na nusu au 2 tu.

Zamani nilifanya kazi katika dispanseri moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na frigo ya dawa za chanjo. Siku moja tukaletewa sanduku jipya la moto la kutakasia vyombo, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, tukaisukuma frigo mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na lile sanduku la moto tukaliweka ubavuni mwake. Juu tukapanga makartoni ya fishi za wagonjwa. Na watu wa ofisi wakawa wanaleta soda zao za moto kupozea humo. Kazi ikaendelea. Ukutani palikuwa na daftari ya kuandika digri asubuhi na jioni, na daftari ilisema 5, 5, 5, wiki tatu mfululizo.

Asubuhi ya chanjo nikachukua kichupa cha matone ya polio. Kwenye kichupa kuna alama: duara, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Mraba ukiwa mweusi sawa na duara au kulipita, dawa imekufa, itupwe. Nikatazama: mweusi. Cha pili: mweusi. Nikatazama termometre ya ndani kwa macho yangu mwenyewe, nayo ilisema 19. Hapo nikaelewa kwamba zile 5 za daftari ziliandikwa na mtu aliyekaa mezani, na chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi yangu.

Nje mama walikuwa wamekwisha kupanga mstari, wengine wametoka mbali kwa miguu na watoto mgongoni. Nikawarudisha. Wiki iliyofuata hawakurudi wote. Nikachukua baiskeli kuwatafuta nyumba kwa nyumba, kazi ya karibu mwezi mzima, na watoto wawili sikuwapata mpaka leo.

Fundi wa frigo aliyekuja alikuwa mzee karibu ya pensioni. Nikamwuliza: «Papa, motere imekufa?» Akapitisha mkono nyuma ya frigo, akautoa haraka. «Hapana, mwanangu. Huyu hana ugonjwa. Ninyi mmemziba pua.» Hakuleta hata parafujo moja. Akaivuta frigo mbali na ukuta kipimo cha mkono wazi, akahamisha sanduku la moto chumba kingine, akaondoa makartoni na soda, akachora mstari wa chaki sakafuni ili mtu asiisukume tena. Siku iliyofuata termometre ilisoma 6, na safari hii ilikuwa 6 ya kweli. (Baridi kupita kiasi nayo ni mbaya: chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika. Ndiyo maana tunasema kati ya 2 na 8.)

Sasa tugeuze mashini. Motere ya lori, ya gurupe au ya mashini ya kupakia mawe ni frigo inayokwenda kinyumenyume. Frigo inakula nguvu ili kupandisha moto. Motere inauachia moto ushuke kutoka penye joto kali kwenda penye baridi, na njiani inauiba kidogo kuufanya kazi, kama gurudumu linavyozungushwa na maji yanayoanguka. Neno la maana ni hilo «kidogo». Watu wanadhani motere ikitupa moto ni kwa sababu imezeeka au fundi ni mvivu. Hata ikiwa mpya, lazima itupe.

Aliyeona jambo hilo kwanza ni Mfaransa Sadi Carnot, kijana wa miaka 28, katika kitabu kidogo alichokitoa mwaka 1824. Alisema kwamba kazi unayoweza kupata haitegemei unatumia mvuke au hewa. Inategemea digri mbili tu, ile ya juu moto unapoanzia na ile ya chini unapoishia. Sisi watu wa uganga tuna sababu ya kumkumbuka: mwaka 1832 kolera ilimwua, akiwa na miaka 36, na kwa hofu ya ugonjwa makaratasi yake mengi yaliharibiwa pamoja na vitu vyake. Baadaye Mwingereza William Thomson, ambaye si ndugu wa yule samaki tomson tunayemla na sombe, alipanga hesabu ya digri kuanzia baridi ya mwisho kabisa, 273 chini ya sufuri. Mwaka 1852 huyo huyo akaeleza kwamba pampu ya moto inaweza kupasha nyumba kwa kutumia nguvu kidogo kuliko kuchoma kuni zenyewe. Kumbukeni zile 300 kwa 100: mgongo wa frigo ukiuelekeza kwenye pipa la maji ya kuoga, unapata moto mara tatu kuliko waya wa umeme ulioingizwa majini.

Kwa hesabu hiyo, tuseme moto unaanza digri 600 na kuishia 30. Ongeza 273 pande zote: 873 na 303. Mashini iliyo kamili ingefanya kazi kwa sehemu 65 katika 100, na 35 lazima zitupwe. Rudolf Diesel, aliyekuwa mwanafunzi wa Carl von Linde, mtu wa mashini za barafu, na kufanya kazi kwake Paris kabla ya kugeukia motere, alifikisha 26 hivi mwaka 1897. Mashini nzuri za mvuke za siku zile zilipata karibu 10 au zaidi kidogo. Leo motere ya mazuti inafika 35 au 40. Zinazobaki, 60 na zaidi, zinatoka kwa radiatere na bomba la moshi.

Huko juu, upepo unazichukua. Chini ya udongo nani anazichukua? Ndugu zetu wa shimo wanajua jibu. Mashini ya mazuti yenye nguvu kilowati 200 ikisukumwa mpaka mwisho inachoma mafuta ya kilowati 500 na zaidi, na karibu zote zinabaki kwenye galeri, kwa kuwa hata kazi yenyewe inaishia kuwa moto wa mawe yaliyosuguliwa. Ya umeme yenye nguvu ile ile inaacha kidogo zaidi ya 200. Juu ya hiyo, hewa inayoteremka inabanwa na uzito wake: ikiwa kavu inaongeza karibu digri 1 kila mita 100. Kipushi, penye shimo linalopita mita 1,200, hesabuni wenyewe. Afrika ya Kusini, mgodi wa Mponeng, mawe ya chini yana digri zaidi ya 60, na wanateremsha barafu kutoka juu ili mtu aweze kufanya kazi. Barafu inatengenezwa juu kwa sababu moja: mashini ya baridi ikiwekwa chini lazima mgongo wake utazame hewa inayotoka, la sivyo ni mchezo ule ule wa mwenzetu wa karakana. Na moshi wa mazuti si joto tu: mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka kati ya vitu vinavyoleta kansa. Basi ventilatere inayokufa ni jambo la kumwita shefu mara moja, wala si la kungoja mwisho wa posti.

Mwili wako nao unatupa moto. Katika chakula unachokichoma ukifanya kazi, misuli inapata sehemu 20 au 25 katika 100. Zilizobaki zinatoka kwa jasho. Jasho linapoza linapokauka, si linapotiririka. Kwenye galeri yenye maji na hewa isiyotembea, linatiririka bure, na moto unabaki ndani. Mtu anaanza kuumwa kichwa na kuchafukwa roho, halafu anasema maneno yasiyo na maana kama mlevi. Msimcheke. Mtoeni kwenye hewa, mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mtieni barafu kwapani na kwenye nyonga, na kuniita wakati huohuo. Msingoje brankadi ndipo mwanze. Akiwa hana fahamu asipewe maji mdomoni. Aspirini haisaidii, kwa maana hiyo si homa. Aliyetoka likizo asirudishwe siku ya kwanza mahali pa joto kali. Mwili unahitaji wiki moja au mbili kuzoea.

Neno moja kuhusu gurupe ndogo za esanse, ambazo watu wanaziingiza ndani usiku kwa kuogopa wezi, na mbabula ya makala inayofungiwa chumbani katika baridi ya Juni na Julai. Vyote viwili vinatoa gazi isiyo na rangi wala harufu. Watu wa nyumba moja wakija asubuhi wote wanaumwa kichwa na kutapika, bila homa, mimi siulizi kwanza malaria. Ninauliza mbabula ililala wapi.

Mwenzetu wa kidonda aliniuliza mwishoni: «Basi nilale namna gani?» Nilimwambia afungue madirisha ya pande mbili upepo upite, aweke chandarua, na alowanishe kitambaa alale nacho kifuani. Mlango wa frigo aufunge. Akasema bibi yake alikwisha kumwambia hivyohivyo, tena bila hesabu.