Siku Korona Ilipobisha Hodi Kibuyuni

Anayetaka kwenda Kibuyuni huiacha barabara kuu ya Lunga Lunga, akashika ile ya Shimoni, na kabla ya kuufikia mji wenyewe akakata kuelekea ufuoni. Huko atakuta nyumba za udongo na za mawe, minazi, na mbele yake bahari inayokupwa mbali sana. Maji yakitoka huonekana kamba zimetandazwa mistari kwa mistari juu ya mchanga, na wanawake wameinama kati yake. Hilo ndilo shamba la mwani, na ndilo jembe la kijiji hiki. Mimi ni mwenyeji wa hapo, ila kwa miaka mingi nilikuwa nikila mkate wangu Diani, katika hoteli moja ya watalii.

Habari za ugonjwa zilitufikia mapema, lakini kama habari za mbali. Wakati wa kahawa barazani mtu akieleza ya Uchina, mwingine ya Italia, na wote tukaafikiana kwamba maradhi hayo hayawezi kuishi katika joto letu. Wengine wakasema ni ugonjwa wa wazungu. Tarehe 13 Machi 2020, siku ya Ijumaa, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana Kenya. Siku mbili baadaye zikafungwa shule. Tarehe 25 mwezi huo huo ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na kwa mtu wa hoteli ndege ndiyo mvua. Tuliitwa uani, tukaambiwa twende majumbani kwetu, tutaitwa. Mimi sijaitwa hadi leo.

Nilirudi Kibuyuni kwa matatu ambayo badala ya abiria 14 ilikuwa na amri ya kupakia 8, na nauli, kama ujuavyo, hailipwi na kiti kitupu. Tuliigawana sisi wanane. Niliposhuka, jambo la kwanza lililonitatiza lilikuwa dogo kabisa: sikujua nimwamkie vipi ami yangu. Kwetu mdogo humpa mkubwa mkono na kuubusu, na asiyefanya hivyo huulizwa amelelewa wapi. Ami alikuwa ameketi kizingitini, mkono ameshaunyoosha. Nilisimama hatua tatu mbali, nikaweka mkono kifuani na kusema salamu aleikum. Aliitikia, akauangalia ule mkono wake, kisha akaurudisha gotini. Hakunena kitu. Nami nilikuwa nimetoka Diani, kwenye wageni wa kila nchi, na nilikuwa nikimwogopea yeye.

Misikiti ilikuwa imefungwa tangu tarehe 22 Machi, serikali ilipozuia mikutano yote ya ibada. Mwadhini aliendelea kuadhini, maana adhana haikukatazwa, lakini hakuna aliyekwenda. Wazee walihisi uzito wa jambo hilo kuliko njaa yenyewe. Imamu wetu alipita akisimama nje ya kila nyumba na kuwakumbusha watu mafundisho ya Mtume kuhusu tauni, kwamba aliyeko katika mji uliopatwa asitoke, na aliyeko nje asiingie. "Hawa wakubwa wa afya," alisema, "hawakuleta jambo jipya." Wakamsikiliza. Nadhani walimsikiliza yeye kuliko redio.

Sisi watu wa pwani si wageni wa maradhi yanayokuja na vyombo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno Unguja, na homa kubwa ya mafua ya 1918 iliingia nchi hii kwa meli kupitia bandari ya Mombasa, mwezi wa Septemba, ikapanda bara. Katika desturi za miji ya Waswahili palikuwa na dawa yake: kuzungusha ng'ombe mji mzima huku watu wakisoma, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa kwa umoja. Mzee mmoja kijijini alilikumbusha jambo hilo. Alitaka mji uzinguliwe, na kama ng'ombe hapatikani, basi hata mbuzi. Imamu hakumkatalia usoni. Alimuuliza tu ni nani atakayemfuata mbuzi huyo ikiwa watu wamekatazwa kukusanyika.

Ikatokea kwamba Kaunti za Kwale, Kilifi na Mombasa zilifungwa, asiingie mtu wala asitoke, kuanzia jioni ya tarehe 8 Aprili, katika zile siku za nisfu Shaaban. Basi wakaafikiana kwamba baada ya Magharibi kila nyumba isome Yasini zake uani mwake, kwa sauti. Nilikuwa nimeketi mkekani na shangazi, mke wa ami, na watoto. Upande wa kulia ilianza nyumba moja, kisha ya nyuma yake, kisha kwa mbali zile za ufuoni, hawaendi pamoja, huyu yuko mwanzo na yule yuko mwisho. Yule mzee wa mbuzi aliniambia kesho yake kwamba katika umri wake wote hakuwahi kusikia mji ukisoma namna ile.

Lakini mtu hali dua peke yake. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo kule Likoni polisi waliwarushia gesi ya machozi abiria waliokuwa wakikimbilia feri, kabla hata saa haijafika, na habari hiyo ilitutia hofu kuliko kirusi. Saa hizo za kafyu zilihesabiwa na watu wa ofisini. Bahari huhesabu kwa mwezi. Wakati wa bamvua maji yetu hukupwa sana mara mbili, kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena saa kama hizo usiku. Kwa hiyo mwanamke wa mwani hakuguswa sana, kwa sababu kazi yake ni ya mchana. Mvuvi wa usiku, anayetoka na taa yake jioni na kurudi alfajiri, yeye alifungiwa mlango. Na hata aliyevua mchana alimuuzia nani? Hoteli za Diani zimefungwa, wageni wanaokwenda kuangalia pomboo katika hifadhi ya Kisite hawapo, na pweza aliyezoea kupanda ndege kwenda Ulaya hana ndege. Tulikula sisi wenyewe samaki ambao zamani tulikuwa tukiwaona tu wakipita.

Mwani nao una mambo yake. Mbegu hufungwa katika kamba, kamba hufungwa katika vigingi, na baada ya wiki sita hivi huvunwa. Kisha hukaushwa, na kilo nane au kumi mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Hapo hupakiwa magunia ukingoja mnunuzi, maana kazi yake kubwa iko ng'ambo, huko unakotolewa ute wa kugandisha aiskrimu na dawa ya meno. Mnunuzi hakuja. Magunia yakapanda ghalani hadi darini. Na ilikuwa Aprili, masika ya mwaka ule yalikuwa na mvua kubwa, na mwani uliotandazwa ukinyeshewa huharibika. Niliwaona akina mama wakikimbia na maturubai, barakoa zimewashuka kidevuni, wakiokoa mali isiyokuwa na mnunuzi. Nilimuuliza shangazi kwa nini wasiuache tu baharini. Akanijibu, "Mwanangu, ukiuacha utakatika wende zake. Huu ndio benki."

Lililowafaa kwa upesi lilikuwa sabuni. Akina mama wa Kibuyuni walikuwa wamejifunza kuutwanga mwani mkavu na kuuchanganya na mafuta ya nazi na kostiki, wakapata miche ya sabuni ya kuuza. Sasa kila mlango ulikuwa umetundika dumu lililotobolewa, lile linaloitwa kibuyu chirizi, na kando yake kipande cha sabuni ya mwani. Watoto walifanya mzaha kwamba hatimaye Kibuyuni kumepatikana vibuyu.

Ami yangu alifariki mwezi huo wa Aprili. Si kwa korona. Alikuwa na presha ya miaka mingi na usiku ule ilimzidi. Naandika hivyo kwa sababu watu walinong'ona, na minong'ono ya siku zile ilikuwa mikali. Tulipambazukiwa naye. Amri ya serikali ilikuwa mazishi yasizidi watu 15. Kwetu mtu huzikwa na kijiji, na aliyezika wengi katika uhai wake hutarajiwa kuzikwa na wengi. Yeye alikuwa ameosha na kuteremsha kaburini watu nisiowajua idadi, mpaka maiti wa baharini waliookotwa bila jina.

Basi nani awe katika wale 15? Nilipewa mimi kazi ya kuhesabu, kwa kuwa nilikuwa mgeni kidogo na lawama zingenishukia bila kuvunja ujirani. Waoshaji, wachimbaji, imamu, wanawe wawili waliokuwapo, nduguye. Nilipofika 15 nilikuwa nimewaacha nje wanaume waliovua naye miaka 40. Imamu akasema nao uani, akawaeleza kwamba mazishi ni faradhi ya kutoshelezana, wakiifanya wachache hushuka kwa wote, na hapana aliye na dhambi. Walikubali. Lakini jeneza lilipotoka niliwaona wamejipanga kando ya njia, mmoja chini ya mnazi huu na mwingine chini ya ule, kila mmoja na umbali wake, kofia mkononi, toka nyumbani hata makaburini. Askari hakuwapo, na kama angekuwapo sijui angewahesabu vipi.

Binti yake mkubwa ameolewa Kisauni. Alipiga simu tangu alfajiri. Njia ilikuwa imefungwa, asingeruhusiwa kutoka Mombasa kuingia Kwale, na maiti haingojwi. Niliiweka simu ndani ya mfuko wa kanzu, iko wazi, akasikiliza talakini na michanga ikianguka. Salio lilikwisha katikati ya dua.

Ramadhani iliingia tarehe 25 Aprili. Jua letu siku hizo huzama kama saa kumi na mbili na robo, na Isha huingia baada ya saa moja, yaani ndani ya kafyu. Kwa hiyo tarawehe zilisaliwa vyumbani, na vijana waliokuwa hawajapata kusalisha walijikuta maimamu wa mama zao. Mpiga ngoma ya daku hakupita. Alipiga debe akiwa uani kwake, na waliokuwa mbali walilala wakakosa daku. Tarehe 16 Mei mpaka wa Tanzania ukafungwa kwa wasafiri, mizigo tu ikaachiwa, na jamaa zetu wa upande wa Tanga wakawa watu wa simu. Shangazi alikuwa ndani akikaa eda, miezi minne na siku kumi. Majirani wakimwambia kupitia dirishani, "Hauko peke yako, bibi, mji mzima uko edani."

Kwale ilifunguliwa tarehe 7 Juni, lakini Mombasa ikabaki imefungwa mwezi mmoja zaidi, hivyo binti yule alingoja mpaka Julai. Alikuja na mkoba na barakoa, akanawa mikono mlangoni pake kwa sabuni ya mama yake. Mama alikuwa mkekani. Tulimtazama, nasi sote tulikuwa tumeshazoea kugusana viwiko. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mama yake, akaubusu ndani na nje, na hakuna aliyesema neno.

Jioni tulikwenda makaburini. Aliniuliza walioshuka kaburini ni nani na nani, nikamtajia. Akauliza nani alishika kichwa. Nikamtajia. Akauliza kama kweli simu ilikuwa mfukoni mwangu au niliishika mkononi, nikamwambia ilikuwa mfukoni, kwa maana mikono yote miwili ilikuwa na udongo. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Wasini. Tukaharakisha kurudi tukaanue mwani.