Mita za umeme: siku saa ya tokeni ilipojaa

Nyumba nyingi za Bellevue, mtaa wa Johannesburg unaopakana na Yeoville, zimegawanywa vyumba, na wapangaji, wakiwemo Wakongomani wengi, huchangia mita moja ya umeme. Anayetumwa kununua umeme Rockey Street hurudi na karatasi yenye tarakimu 20. Akikosea moja, wote hubaki gizani hadi azibonyeze upya.

Ndiyo maana tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa nzito. Kuanzia siku hiyo, mita isiyobadilishwa ufunguo haikuweza tena kupokea tokeni mpya. Wasomaji wetu wenye LUKU huko Tanzania, na wale wa Kenya, wanalikumbuka zoezi hilo, kwani mfumo ni ule ule: STS, uliobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kila tokeni ya umeme hubeba wakati iliponunuliwa, kwa dakika zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1993. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24, yaani dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Ikijaa, hurudi sifuri. Mita nayo hukataa tokeni iliyokwishatumika au ya zamani mno, ili mtu asiitumie mara mbili. Kwa hiyo tokeni ya leo ingeonekana kuukuu.

Sisi hatuwalaumu waliochagua biti 24. Tokeni nzima ni biti 66, ambazo ndizo tarakimu 20, na kila nyongeza ingembebesha mzigo mtu anayebonyeza gizani, simu yenye tochi mdomoni.

Kilichookoa hali ni itifaki kupangwa kwa matabaka. Tabaka la juu huamua tokeni inasema nini na inafungwaje kwa siri. La chini hushughulikia usafiri tu: kadi ya sumaku, au vidole juu ya vitufe. Hivyo mwaka wa kuanzia hesabu ulisogezwa hadi 2014, na ufunguo mpya ukapita njia ile ile ya zamani, kwa tokeni mbili za ziada za tarakimu 20 kila moja. Hapakuhitajika waya wala intaneti. Aliyekuwa na umeme aliounua zamani bila kuuingiza ilimpasa auingize kwanza, la sivyo ungepotea.

Lakini njia hiyo ni ya upande mmoja. Mita haijibu, na hakuna awezaye kuibadilisha kutoka ofisini. Lazima mtu asimame mbele yake. Mpangaji mwenye mita ndogo iliyofungwa na mwenye nyumba alitegemea kampuni binafsi inayomuuzia umeme, ambayo pengine hajawahi kuonana nayo. Ikichelewa, anayekosa umeme ni yeye, ingawa kodi ameshalipa.

Biti zimebaki 24. Kwa hesabu inayoanzia 2014, zitajaa tena Novemba 2045.