Sufuria Iliyokwisha Kuepuliwa

Goma ni mji unaoujua moto. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo iliupasua hadi ziwani, na Mei 2021 ikafika tena pembezoni. Labda ndiyo maana wazazi huchunga sana makaa ya mbabula (jiko la makaa) na kusahau kilichotoka juu yake. Lakini mtoto wa mwaka mmoja au miwili huunguzwa zaidi na chai, uji, maharagi na maji ya kuoga kuliko na makaa yenyewe. Sufuria ikiepuliwa, watu wazima hupumua wakidhani hatari imekwisha, kumbe imeshushwa sakafuni, usawa wa mikono ya mtoto.

Kati ya hatari hizo, beseni la kuogea linadai nafasi yake kwanza, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko vyote. Wengi huamini kwamba maji yasiyotokota hayaunguzi. Mwaka 1947 Moritz na Henriques, watafiti wa Harvard, walionyesha kwamba kuungua ni hesabu ya joto na muda kwa pamoja: kwenye nyuzi 44 ngozi ya mtu mzima huhitaji saa 6 hivi kuharibika, kwenye nyuzi 60 sekunde 5 zinatosha. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, hivyo muda wake ni mfupi zaidi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yakipoa hata kwa nyuzi 30 bado yanaunguza kabla mtu hajageuka. Sasa tazama desturi yetu: maji ya moto humiminwa kwanza, halafu mama hufuata ya baridi kwenye bidoni (jerikani), na mtoto hubaki na beseni. Geuza mpangilio huo: baridi kwanza, moto baadaye, koroga, pima kwa kiwiko, ndipo mtoto aletwe. Hakuna ulinzi ulio rahisi kuliko huu.

Wapo wanaosema aungue kidogo, atajifunza. Ni upuuzi. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili huenda akakumbuka maumivu bila kujua yametoka wapi, na kikombe kimoja cha chai chaweza kumwagikia kifua kizima. Wengine hutoa hoja yenye uzito: nyumba ya mbao ina chumba kimoja, mvua inanyesha, tupikie wapi? Hoja hiyo haivunji kanuni ya kumtenga mtoto na sufuria, inaibana tu. Mawe meusi ya lava yamejaa kila uwanja. Yapangwe kuizunguka mbabula, mita moja kutoka motoni, na kila sufuria iliyoepuliwa ibaki ndani ya duara. Anayeepua asiwe na mtoto mkononi wala mgongoni. Ampokeze mwingine kwanza.

Ajali ikitokea, wajuzi hujaa: dawa ya meno, yai, majivu. Majivu huleta uchafu kwenye kidonda, yai huleta vijidudu, dawa ya meno hukera ngozi na kumchelewesha daktari. Mwingine atatafuta mlozi wa kulaumiwa, ingawa sufuria iliyopinduka iko mbele ya macho yake. Dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi, yasiyo barafu, kwa dakika 20. Hata saa 3 baada ya kuungua bado yanasaidia. Mtaniambia kwamba maji Goma hununuliwa kwa bidoni. Ni kweli, basi yamiminwe polepole kwa kikombe, na yanayodondoka yakingwe yafulie nguo. Mwili uliobaki ufunikwe asipate baridi. Jeraha lililozidi kiganja cha mtoto, au lililo usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, liende hospitali siku hiyo hiyo. Kumlaumu mama hakupunguzi ajali hata moja. Kinachozipunguza ni nyumba nzima, baba akiwemo, kukubaliana mahali pa kuweka sufuria kabla haijaepuliwa.