Kanisa la Kilpeck na Uchongaji Wake

Katika Ulaya ya Zama za Kati, parokia ilikuwa eneo lenye mipaka yake ambamo wakazi walibatizwa, wakafunga ndoa na kuzikwa chini ya kasisi waliyemtunza kwa zaka, yaani sehemu ya kumi ya mazao yao. Ni makanisa machache ya parokia za vijijini za zama hizo yaliyobaki na sura yake ya awali kama lile la Kilpeck, katika jimbo la Herefordshire, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Lilijengwa mnamo mwaka 1140 hivi, wakati wa Hugh, bwana Mnormani wa kijiji hicho, ambaye ngome yake ilisimama hatua chache tu upande wa magharibi.

Jengo lenyewe ni dogo, nalo lina sehemu tatu zinazofuatana: ukumbi wa waumini, nafasi ya makasisi, na mwishoni, upande wa mashariki, chumba cha nusu duara kilichojengewa altare. Kuta nene, madirisha membamba na matao ya mviringo ni alama za mtindo wa Kiromaneski, uliotangulia matao yaliyochongoka ya Kigothi.

Fahari yake, hata hivyo, imo katika uchongaji. Juu ya mlango wa kusini, jiwe la nusu duara linalojaza nafasi iliyo chini ya tao limechongwa mti unaotambaa kama mzabibu, ambao wengi huutafsiri kuwa Mti wa Uzima, na kwenye nguzo za kando wamo majoka na wapiganaji walionaswa katika matawi. Chini ya ukingo wa paa yamejipanga mawe yaliyochomoza ukutani, na 85 kati ya 91 ya awali yangalipo: mbwa na sungura waliokaa bega kwa bega, vichwa vya wanyama, na mwanamke anayeonyesha uchi wake bila haya. Wataalamu wengine humwona kuwa onyo dhidi ya zinaa, wengine kinga dhidi ya uovu. Lakini mbwa na sungura wale, kwa kweli, hawaonekani kumwonya mtu yeyote.

Uimara wa jiwe jekundu la mchanga umesaidia kuhifadhi nakshi hizo, na pengine hali duni ya kijiji imesaidia zaidi, kwa kuwa ngome ilipobomoka hakutokea tajiri wa kulipanua kanisa au kuliongezea mnara, kama ilivyofanyika katika parokia nyingi, hadi msanifu Lewis Cottingham alipolikarabati katika miaka ya 1840.