Protini na Mafuta ya Utando wa Seli: Kweli au Si Kweli?

Mtoto akizaliwa hospitalini, muuguzi humchoma pajani sindano ndogo ya vitamini K. Wazazi wengi hudhani ni chanjo, wengine huiona dawa ya kumpa mtoto nguvu. Kazi yake hasa ni kuziwezesha protini fulani za damu kushika mafuta. Si mafuta ya chakula, bali yale yanayojenga utando wa kila seli mwilini. Mshiko huo ukikosekana, damu haigandi na jeraha haliachi kuvuja. Kwa kuwa mafuta haya yamezungukwa na dhana nyingi potofu, tuzipime moja baada ya nyingine.

1. "Utando wa seli ni ukuta wa mafuta, kazi yake ni kuzuia tu."

SI KWELI. Utando una unene wa nanometa 5 hivi: ukizipanga tando 200,000 moja juu ya nyingine, utapata kimo cha milimita 1. Mwaka 1925, Evert Gorter na François Grendel wa Leiden, Uholanzi, waliyatoa mafuta ya chembe nyekundu za damu na kuyatandaza juu ya maji. Yalifunika eneo karibu mara mbili ya uso wa chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba mafuta yamepangwa kwa tabaka mbili. Vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, na mikia inayoyakimbia maji imejificha katikati. Vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili yaliyofidiana, lakini hitimisho lao limesimama hadi leo.

Vichwa hivyo havifanani. Kimoja kina chaji hasi, kingine hakina. Kimoja kimebeba sukari, kingine fosfati. Utando ni uso uliojaa alama, na protini huzitambua alama hizo.

2. "Mafuta ya upande wa ndani wa utando ni sawa na ya upande wa nje."

SI KWELI. Seli hutumia nishati usiku na mchana ili kila aina ya mafuta ibaki upande wake. Fosfatidiliserini, ambayo kichwa chake kina chaji hasi, hukaa upande wa ndani. Zipo protini ambazo kazi yao ni kuirudisha ndani kila inapopenya nje.

Seli inapokufa kwa utaratibu wa mwili, ulinzi huo huondolewa na fosfatidiliserini hujitokeza nje. Seli walaji zina vipokezi vinavyokishika kichwa hicho, na kwa mshiko huo seli mfu humezwa kabla haijapasuka na kudhuru jirani zake. Kila siku mabilioni ya seli huondolewa hivyo bila sisi kuhisi lolote.

Adui naye ameijua alama hiyo. Virusi vya Ebola, vilivyotambuliwa mwaka 1976 baada ya mlipuko wa Yambuku, Kongo, hujifunika utando wenye fosfatidiliserini kwa nje. Vipokezi vya seli huvishika kana kwamba ni mabaki ya seli mfu, kisha huvikaribisha ndani.

3. "Mafuta ni mafuta, protini hushika yoyote yaliyo karibu."

SI KWELI, na ushahidi mchungu ni kipindupindu. Bakteria wa ugonjwa huu hawahitaji kuingia ndani ya seli za utumbo. Hutoa sumu ambayo ni protini, na sumu hiyo hutafuta aina moja ya mafuta iitwayo GM1, yenye sukari 5 kichwani. Huibana kama kwa vidole viwili: kimoja kwenye galaktosi ya mwisho, kingine kwenye sukari ya pembeni iitwayo asidi siali. Tena sumu hiyo ina sehemu 5 zinazofanana, zimejipanga duara, kila moja ikiwa na nafasi ya kupokea GM1 yake. Mafuta mengine yanayoizunguka GM1 hupitwa.

Sumu ikishaingia, huilazimisha seli kumwaga chumvi ndani ya utumbo, na maji hufuata. Mgonjwa mahututi huweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Lakini njia inayopitisha sodiamu pamoja na glukosi haiguswi na sumu hii. Hapo ndipo ulipo uwezo wa ORS, mchanganyiko wa kunywa wa maji, sukari na chumvi: sukari na chumvi huingia pamoja, na kuyarudisha maji mwilini.

4. "Kadiri protini inavyong'ang'ania mafuta, ndivyo inavyofanya kazi vizuri."

SI KWELI. Protini nyingi za ndani ya seli hushika kichwa kimoja cha mafuta kwa nguvu ndogo tu, na udhaifu huo una faida. Mfano ni protini iitwayo EEA1, inayosaidia kupokea mizigo iliyomezwa na seli. Hutambua mafuta yenye fosfati moja katika nafasi maalumu ya kichwa, lakini alama hiyo peke yake haitoshi. Inahitaji pia kuikuta protini nyingine, Rab5, mahali hapo hapo. Ni kama sanduku la hazina lenye funguo mbili zilizo mikononi mwa watu wawili: mmoja akikosekana, halifunguki.

Kwa njia hii protini hufika mahali sahihi kwa wakati sahihi. Na kwa kuwa kila mshiko ni mwepesi, kimeng'enya kikiondoa ile fosfati, protini huachia na kwenda zake. Mshiko usioachia ungeacha kazi ya jana ikiendelea leo.

5. "Kalsiamu ni ya mifupa na meno tu."

SI KWELI, na hapa tunarudi kwa mtoto wetu wa wodini. Ukijikata kwa kisu, chembe sahani za damu huamka na kuitoa nje fosfatidiliserini. Protini za kugandisha damu zinapaswa kutua hapo. Lakini kuna kikwazo: fosfatidiliserini ina chaji hasi, na sehemu ya protini inayopaswa kuishika nayo ina chaji hasi. Zingesukumana. Kalsiamu, yenye chaji chanya, hukaa katikati na kuziunganisha.

Ili protini iweze kuibeba kalsiamu, ini huipa kwanza makucha. Vitamini K husaidia kuongeza kikundi kimoja cha kaboni na oksijeni kwenye asidi amino kadhaa; protini iitwayo prothrombini hupata makucha 10. Mwaka 1974, Johan Stenflo na wenzake nchini Sweden waligundua siri hii kwa kuchunguza damu ya ng'ombe waliopewa dawa inayozuia vitamini K. Prothrombini yao ilikuwepo, ila haikuwa na makucha na haikuweza kushika kalsiamu. Protini zikikutana juu ya utando pamoja na wasaidizi wao, kazi ya kugandisha damu huenda haraka zaidi ya mara 100,000.

Mtoto huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini K, kwa sababu kondo la nyuma huipitisha kidogo na maziwa ya mama yana kiasi kidogo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apewe miligramu 1 baada ya kuzaliwa. Sisi wakubwa huipata kwenye mchicha, kisamvu na sukuma wiki. Anayetumia warfarini, dawa inayozuia kazi ya vitamini hiyo, asizidishe mboga hizi wala kuziacha ghafla bila kumwuliza daktari.

6. "Kipimo cha kaswende kliniki huweza kutumia mafuta."

KWELI. Vipimo vya VDRL na RPR hutumia kadiolipini, mafuta yenye mikia minne yanayopatikana kwenye mitokondria, ambayo kwa muda mrefu yametolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Damu ya mgonjwa wa kaswende huwa na kingamwili, nazo ni protini, zinazoishika kadiolipini hiyo na kufanya mabonge yanayoonekana. Lakini kingamwili za namna hiyo hutokea pia katika magonjwa mengine, malaria yakiwemo, na wakati mwingine katika ujauzito. Jibu la kipimo hiki pekee halitoshi. Lithibitishwe kwa kipimo kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe.

Basi mafuta ya utando hayajakaa kama ukuta bubu. Chaji, umbo la kichwa, upande na mahali huamua nani atue na nani apite. Mzazi mwenzangu, muuguzi akija na ile sindano, mkubalie. Anampa mtoto wako makucha ambayo damu yake bado haijapata.