Mbio za kasi na sukari inayopanda

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu wa Ikungi, mkoani Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Alikimbia kwa saa 2:09:48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Mbio za mwisho za namna ile, za kutoa nguvu zote, mwili wenye kisukari huzipokea kwa namna inayoshtua.

Ukitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida, sukari hushuka, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huivuta kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Lakini timua mbio, au pakia magunia ya alizeti kwenye lori bila kupumzika, kisha pima: sukari iliyokuwa 8 mmol/L huenda ukaikuta 12. Wengi hapo hukata tamaa, wakiamini mazoezi hayawafai. Sivyo. Kazi nzito humwaga adrenalini, nayo hulifanya ini liachie akiba yake ya sukari kwa wingi kuliko misuli inavyoitumia. Hata asiye na kisukari hupandwa, ila kongosho lake hutoa insulini mara anapopumzika. Mwenye kisukari, hasa cha aina ya kwanza, hana msaada huo, hivyo sukari hukaa juu saa moja au mbili.

Ninachokiogopa ni kukimbilia kujidunga insulini ya ziada palepale. Misuli iliyochoka hurudishia akiba yake kwa saa nyingi, na mwili huitikia insulini kwa urahisi zaidi hadi siku ya pili. Sukari yaweza kushuka chini ya 4 usiku wa manane, mtu akiwa usingizini. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi, apime kabla ya kulala siku aliyofanya kazi ngumu.

Kabla ya kuanza mazoezi, sukari ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ikizidi 14 na mkojo una ketoni (asidi itokanayo na mafuta kuchomwa mwilini), ahirisha.

Sukari ikishuka hata mtu akatetemeka na kutokwa na jasho jembamba, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au kijiko cha chakula cha asali, ambayo Singida haikosi. Apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Akimbizwe kituo cha afya.